Kitanda cha Asiyeandikwa

Asubuhi ile waligombana kwa ajili ya kopo la gundi.

Kopo lilikuwa juu ya meza ya kukatia, kando ya kitambaa cheupe alichokitandaza mke tangu jana yake. Aliyeliweka pale ni mume, wala hakukana. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake upande wa pili wa chumba, amepakata kiatu cha mwalimu, misumari midogo minne ameibana kwa midomo.

"Mzee wangu, hili ni shuka la mtoto au ni soli?"

"Mm."

"Gundi ikimwagika hapa nitakulaza wewe juu yake, unate mpaka parapanda ilie."

"Mm."

"Haya, cheka. Nikirudi nikute limehama."

Alijifunga kilemba, akachungulia kikapu chake cha nyuzi, akaguna. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha na mashuka sita hayajapindwa. Akasema chai iko kwenye chupa. Akasema mkate asiumalize. Akatoka, na mlango wa barabarani ukajifunga kwa kishindo chake cha kila siku, maana bawaba zilikuwa zimelegea, na fundi wa nyumba ile alikuwa wa viatu, si wa milango.

Mzee hakutoa misumari mdomoni kumwambia nenda salama. Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine. Angejuaje?

Mke alianguka kwenye kaunta ya duka la nyuzi. Mwenye duka alikuja mwenyewe kueleza, anapangusa mikono isiyo na maji.

"Alikuwa mzima, Fundi. Alikuwa anabishana nami. Nimempa uzi mweupe, akasema huu si mweupe, huu ni maziwa yaliyolala. Nikageuka kumtafutia mwingine. Kugeuka tena, simwoni."

Hospitali walikwenda, lakini ilikuwa kwenda tu. Moyo ulishasimama.

Mzee aliporudi nyumbani jioni, kabla hajamwambia jirani, kabla hajampigia simu binti yake, alilihamisha lile kopo. Aliliweka sakafuni, nyuma ya kigoda. Kisha akaketi.

Mtaani mke walimwita Mama Kambi, na mume walimwita Bubu. Hakuwa bubu. Ila mtu akipita muda wote anamwona kainama, midomo imejaa misumari, salamu anaijibu kwa kichwa. Watoto wakadhani hana ulimi, wakubwa wakaona jina linamfaa. Mke alikuwa mtu wa maneno, mume mtu wa nyundo. Chumba cha mbele walikigawana bila kukipima. Upande wa dirisha ulikuwa wa mke: cherehani ya kukanyaga, iliyofutika maua yake pale kiganja kilipozoea kukaa, meza ya kukatia, sanduku la vifungo. Futi ilimning'inia shingoni hata wakati wa kula. Siku moja aliingia nayo kanisani, na mchungaji akasahau mahubiri yalipofika. Upande wa mlango ulikuwa wa mume: kigoda, chuma cha kupigia soli, msharasi wake wa kutobolea ngozi, nyuzi zilizotiwa nta, na viatu vya watu vimejipanga ukutani kama waumini wanaosubiri ibada.

Mama Kambi aligundua mapema kwamba mume mwenye misumari mdomoni hana hoja. Jambo zito lolote alilileta wakati huo. Alitaka kupaka ukuta rangi ya samawati? Alisubiri soli. Alitaka kumchukua mama yake mgonjwa aje kukaa nao? Alisubiri soli ya buti, ambayo ina misumari mingi. Alizungumza, akamaliza, akauliza, "Sawa, mzee wangu?" Na yeye akasema mm. Watu wa mtaa walitania kwamba hata posa aliileta mwanamke na kuipokea mwanamke, Bubu akasema mm, wakaitwa mke na mume.

Na kila likizo ndefu ya shule, lori la kanisa lilisimama mbele ya mlango ule kumchukua Mama Kambi.

Kambi ya watoto ilikuwa nje ya mji, juu kwenye misonobari. Mabweni mawili marefu, jiko, uwanja, msalaba wa mbao, na kengele iliyotengenezwa kwa rimu ya gurudumu. Watoto walikaa siku saba. Waliamka kwa sala, walisoma Biblia, walicheza mpaka magoti yakachubuka, wakarudi kwao, kundi lingine likaja. Mama Kambi alikaa mpaka likizo iishe. Alishona magodoro, alipinda mashuka, alipika, na aliwafundisha nyimbo kwa sauti ambayo, wenyewe walikiri, Mungu pekee ndiye aliyeivumilia. Mtoto aliyelilia kwao, alikaa naye mpaka alale.

Mzee hakuwahi kukanyaga huko. Kila mwaka mke alimwambia, "Twende, ukawaone." Na kila mwaka alijibu kwamba mtu mzima hana la kufanya mahali watu wanapopiga makofi kabla ya uji. Akabaki na chai na mkate. Siku za likizo chumba kilikuwa kimya, na yeye aliyedhani anapenda ukimya aligundua kwamba kumbe alipenda kuunyimwa.

Kwa nini mke alikuwa hivyo, alimwambia mara moja tu, siku ya mvua isiyo na wateja, kwa muda wa kushona mkono mmoja wa gauni. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja alikuwa mtumishi katika nyumba ya watu. Watoto wa nyumba ile wakapelekwa kambini, naye akatumwa awabebee masanduku, ayafikishe, arudi na lori lile lile. Alipokuwa anayashusha, mpishi wa kambi akamuuliza, "Na wewe kitanda chako kipi?" Akasema yeye hakuandikwa. Mpishi akamwambia, "Ingia. Kitanda hakijui kusoma."

Alikaa siku saba. Hakufagia, hakuosha chombo cha mtu. Siku ya nane alirudi kazini. Hakueleza zaidi. Aligeuza gauni, akaanza mkono wa pili.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika na viti vya kuazima kurudi vilikotoka, akaja katibu wa kanisa na bahasha. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya. Binti alikuwapo. Alikuwa binti wao wa pekee, mkunga katika hospitali ya mji wa pili, na alikuwa ameomba ruhusa ya siku chache amwangalie baba yake.

"Mama aliniachia hii," katibu alisema. "Ni wosia wake. Aliuandika mwaka jana."

Akausoma. Ulikuwa mfupi. "Chumba changu cha mbele nakiachia kambi ya watoto. Kipangishwe, na kodi yake imtunze mtoto anayefika bila kuandikwa. Cherehani yangu nayo iende kambini, ila wasiitie mafuta mengi." Chini palikuwa na jina lake kwa mwandiko wake wa kulala upande mmoja. Na pembeni ya jina, alama ya dole gumba.

Binti aliichukua karatasi, akamsogezea mzee.

"Baba, hili ni dole lako?"

Hakuhitaji kuangalia mara mbili. Dole lake lilikuwa na kovu la msharasi limekatiza katikati. Hapakuwa na jingine kama hilo mjini.

"Ni langu."

"Ulijua unakubali nini?"

"Nilikuwa na misumari."

"Baba!"

"Alinisomea. Nilikuwa napiga buti la askari. Nikasikia kambi, kambi. Nikadhani anaaga. Nikasema mm, nikampa kidole."

Katibu alitazama dari. Alikuwa anapigana na kicheko, na kicheko chenyewe kilikuwa karibu na machozi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hiki kilikuwa kimevunja nyumba vipande viwili.

"Mzee," katibu alisema, "nyumba ni ya wawili. Kama hukuelewa, mimi sitakubana. Siku ya pili ya likizo nitakuwa kambini. Njoo huko, msimamizi awepo, nikusomee polepole. Ukikubali, utaweka kidole tena. Ukikataa, sema hapana tu, tutaichana."

Alipoondoka, binti alisimama katikati ya chumba, kati ya cherehani na viatu.

"Utafanyia wapi kazi? Uani? Nani atakuona huko?"

Mzee hakuwa anawaza wateja. Alikuwa anawaza kwamba asubuhi akifungua mlango wa ndani, anaona kwanza kiti cha mke wake, na mto wake wenye bonde pale alipokalia. Kwa siku zote hizo alikuwa hajauinua mto ule wala kuupiga vumbi. Mpangaji atakuja na mto wake.

"Na mimi pia nakitaka chumba hiki," binti alisema, sauti imeshuka. "Si kwa biashara. Nakitaka tu. Unajua nilikwenda naye huko tangu nina miaka mitano mpaka kumi. Watu husema nilibahatika. Baba, huko kila mtoto alimwita Mama. Nikimwita mimi, anageuka anawatazama wote. Nilikuwa natafuta kuugua ili anijue. Sasa amekufa, na bado anawapa wao."

"Sikujua," mzee alisema.

"Ungejuaje? Hukuja hata siku moja."

Lilikuwa neno la kweli, likakaa pale pale lilipoangukia.

Binti alirudi kazini. Mzee akabaki na siku zake. Asubuhi moja aliinuka akaiendea cherehani. Mashuka sita yalikuwa bado yamekunjwa, pindo wazi, na uzi wa maziwa yaliyolala ulikuwa kando yake, kwa sababu mwenye duka aliuleta siku ya msiba na kukataa kulipwa. Aliketi ukingoni mwa kiti asiuguse ule mto. Akakanyaga. Sindano ikakatika. Akatia nyingine. Ikakatika. Angekuwapo mwenyewe angemwambia ainuke kabla hajaua mashine ya watu.

Akarudi kwenye kigoda chake. Akashona kwa mkono, sindano mbili zikipishana tundu moja, kama mtu anavyoshona soli. Shuka moja lilimchukua siku nzima. Alifanya hivyo mpaka yakaisha, na kwa muda huo viatu vya watu vilisubiri, wenyewe wakaja wakamwona na kitambaa cheupe magotini, wakarudi bila kuuliza.

Binti alipokuja kumchukua siku ya kwenda kambini, alilifungua moja akalitazama pindo.

"Baba, huu mshono wa viatu."

"Hautafumuka."

"Mtoto atalala hapa au atatembea nalo?"

Walicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba, kisha kila mmoja akatazama upande wake.

Lori lilikuwa limewapeleka watoto jana yake, na siku hiyo lilikuwa mjini likichukua magunia ya chakula. Wakapanda mbele na dereva. Msimamizi wa kambi aliwapokea getini, mama wa makamo mwenye filimbi shingoni na macho yaliyovimba. Alimshika mzee mikono miwili.

"Shikamoo, Baba. Karibu. Alisema iko siku utakuja."

"Marahaba," mzee alisema. "Nimechelewa."

Watoto walikuwa uwanjani wanaimba. Mkubwa mmoja alipiga kengele, na wote wakakimbia kwenda jikoni, vumbi likainuka. Msimamizi aliyapokea mashuka, akayakumbatia, akawaongoza kwenye bweni la wasichana. Vitanda vilikuwa vimetandikwa safu mbili, mablanketi yamekunjwa, mabegi chini. Mashuka yote yalikuwa ya mkono wa mkewe. Mzee aliyajua mapindo yale kama anavyojua sauti ya mtu. Alitembea taratibu, anagusa ncha moja, anagusa nyingine.

Kitanda cha mwisho, karibu na mlango, kilikuwa kitupu. Godoro tu.

"Hiki mbona hivi?"

Binti ndiye aliyejibu.

"Hicho ndicho kitanda cha Mama, Baba. Si cha kulala yeye. Ni cha anayekuja bila kuandikwa. Kila kundi hukiacha wazi. Mimi nililala hiki cha jirani, na kila jioni alikaa hicho, si changu."

"Daima anakuja mmoja," msimamizi alisema. "Anakuja na mzigo wa wenzake. Au amefuata lori kwa miguu. Mama Kambi alimtunza kwa pesa ya cherehani yake: chakula, sabuni, kila kitu. Wakubwa wa kambi hawakuwa na neno, maana halikuwagusa. Mwaka huu wameniambia, mwenye kitanda hayupo tena, asiyeandikwa asipokewe."

"Na jana," mzee aliuliza, "alikuja?"

Msimamizi aliishika filimbi yake.

"Alikuja."

"Yuko wapi?"

"Nilimrudisha, Baba. Kwa lori hilo hilo. Niliambiwa, nikatii, na tangu jana sijala."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliwashushia wenzake mizigo yote, mpaka begi la mwisho. Akalipangusa vumbi. Akapanda."

Mzee aliketi kwenye godoro. Akavua kofia, akaiweka magotini. Binti alidhani amezidiwa, akamshika bega, na chini ya mkono wake akalisikia bega linatetemeka. Hakuwahi kumwona baba yake akilia. Hata makaburini hakulia. Alikuwa ameibana midomo kama kawaida yake, ila safari hii hapakuwa na msumari wa kuushikilia.

Kisha akainuka. Akachukua shuka moja kati ya yale sita, akalitandika mwenyewe. Alilitandika vibaya, upande mmoja mrefu. Binti alilivuta likakaa sawa.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye meza na ramani ya Nchi Takatifu. Katibu alikwisha kuweka karatasi na kidau cha wino.

"Mdomo ni mtupu, mzee?"

"Mtupu."

"Nisome?"

"Soma polepole."

Katibu alisoma, neno kwa neno, akaeleza. Chumba kitapata mpangaji. Cherehani italetwa huku. Yeye atabaki na vyumba viwili vya nyuma, na kigoda chake atakihamishia uani. Mzee aliitikia kila lilipomalizika jambo. Lilipofika la mafuta ya cherehani, alisema, "Matone mawili. Asizidishe mtu." Katibu akaliandika pembeni.

"Una hakika? Hakuna anayekulazimisha. Ukisema hapana hata sasa, hakuna atakayekuita mbaya."

"Leta wino."

"Baba, subiri," binti alisema. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa ameegemea ukuta kama mtoto aliyechoka, yeye mkunga mzima wa watu. "Sikukatazi. Nimekiona kitanda. Lakini niambie, na sisi je? Sisi tunabaki na nini?"

Mzee alichovya dole, akalibonyeza kwenye karatasi, akalishikilia hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kovu lilitokea wazi, mstari mweupe katikati ya weusi.

"Hilo nami nilimuuliza mama yako," alisema. "Mwaka ule ulipoanza kutembea. Nilikubeba mgongoni, nikasimama mlangoni asitoke. Lori linapiga honi. Nikamwambia, huwa hunisikii, leo sina kitu mdomoni, nisikie. Unatuacha kwa ajili ya watoto wa watu. Na sisi je?"

"Akasemaje?"

Mzee alilitazama dole lake lenye wino. Alikuwa mtu wa maneno machache, na haya hayakuwa yake. Akayatoa kama alivyoyapokea, asiongeze wala kupunguza:

"Nyinyi mnanipata mwaka mzima, hao wana siku saba tu. Nipishe mlangoni, lori litaniacha."